Alarme Haikukosea

Mugisho, mutoto wa mutoto wangu,

Wiki tatu uko mu Muhumba, pande ingine ya muji, kwa rafiki yako, na mimi niko huku Panzi, fasi motari na pikipiki yake anafika mbele chai yangu ipoe. Miguu yako imekatika? Ulikuja mara moja tu. Ulishusha mashini zako ku ukuta, ukaziweka mu boksi ya karto, ukatoka bila kugusa hata maji ya koko yako. "Koko, nitarudia." Ulirudia wapi? Nilikutumia sauti ku simu mara sita, na Mama Neema anasema haukufungua hata moja. Sasa nasikia mu kinywa ya muuza mukate kama kesho asubui unapanda gari ya Uvira, kisha unavuka kwenda Tanzania, na kazi ya mashini umeiacha, unaenda kusimama mu duka ya mutu kuuza misumari. Mutoto nilimulea toka miaka tisa, ananiaga kupitia muuza mukate. Muzuri. Nimesikia.

Mimi sikusoma, unajua. Niko nasema, Mama Neema anaandika. Unamufahamu, jirani wa hapa chini, mwenye sauti. Nimemukataza kupamba maneno yangu, na akipamba nitajua, sababu ataandika murefu kuliko vile nilisema. Atakuletea karatasi hii yeye mwenyewe leo jioni. Nimemuambia asikae, asinywe kitu, asimame mbele yako mpaka umalize.

Sitakuambia mambo ya koti na ya dawa ya malaria. Uko mwanaume wa miaka makumi mbili na sita. Ukisahau koti utasikia baridi, basi utajua. Nataka kusema kitu moja. Ni mbaya, nimeificha wiki tatu, na kila siku nikiificha inakula wewe, mimi haiguse.

Alarme yako haikukosea. Haukufunga waya vibaya. Telekomande haikukataa. Ni mimi nilikataa kufinya.

Mama Neema amesimamisha kalamu. Nimemuambia: andika. Ameandika.

Acha nianzie fasi inaanzia, juu haikuanza siku ile.

Wakati papa yako Bisimwa alikuwa mutoto, alikuwa anachelewa kila mangaribi. Mupira, kuoga ku muto, sijui. Mimi nilikuwa mujane mupya, na hasira ilikuwa inanikaa kama njaa. Nilimuambia: jua ikizama mulango inafungwa, na mwenye iko inje alale inje. Siku moja alichelewa, na mvua ilikuwa inanyesha. Alipiga mulango. Alisema, "Mama, ni mimi." Nilimujibu, "Mimi sina mutoto inje. Mutoto wangu angekuwa ndani." Alikuwa na miaka saba. Nilikaa kando ya moto nasikia meno yake zinagongana, na nilijisifu kama niko namufundisha.

Alijifunza kweli. Nyuma ya nyumba, pale udongo inashuka kwenda ku muto, kuko kona ya ukuta yenye jiwe moja inatokea inje. Aliweka muguu pale, akavuka. Toka siku ile hakugonga tena. Nilikuwa namusikia. Nilikuwa namuachia ugali mu sufuria na najifanya nimelala. Hatukuizungumza hata siku moja, mimi na yeye. Miaka hii yote hakuna mutu mwingine alijua ile jiwe. Hata wewe haukujua. Uliweka kile kitu ya alarme yako yenye kuona watu palepale, ukasema, "Koko, mwizi atapitia huku."

Alikua, akaoa mama yako, akaenda Kamituga kutafuta zahabu. Mama yako alikufa. Tulimuzika bila yeye. Alifika kisha wiki mbili, amelewa, na neno ya kwanza aliuliza mbele yangu ni kama chakula ya matanga imebakia. Nilimufukuza. Wewe ulikuwa nyuma yangu, umeshika kikwembe yenye nilijifunga. Hapo sikukosea. Nilikosea kisha, na hii sikuifanya siku moja, niliifanya miaka kumi na saba. Kila mara uliuliza juu ya papa yako, nilikupatia mubaya. Nilikuambia iko na roho ya mbwa. Alikuja mara mingi kuomba kukuona; sikukuambia. Mwaka wa kwanza yako ya segondari aliacha viatu vya masomo ku mulango, nikasema mimi njo niliuza ndizi nikavinunua. Ulivaa viatu vya papa yako mwaka muzima huku unamutukana, na mimi nilikuwa nasikia utamu. Ndiyo, andika utamu, Mama Neema.

Sasa mashini. Mwaka jana wezi waliingia, wakabeba televizio na magunia ya maharagi. Ulikasirika kama njo wewe waliiba. Ulileta alarme: kile kitu ya ku ukuta, sirene juu ya paa, na telekomande ya kushika mu mukono ili kuizima. Juu sisomi, ulibandika mbegu ya haragi ku kifungo ya kunyamazisha. "Koko, ikilia na hauone mwizi, tafuta haragi na kidole, finya." Nilicheka siku mbili. Kisha ulileta mambo ile ingine, ya nyumba kujiongoza yenyewe: taa zinawaka bila mutu, milango inajifunga, kamera na mota ku mulango ya parsele, ile ya kutokea ku njia, vyote vinasikia simu, na batri ya sola sababu umeme ya huku iko na tabia yake. Miezi mbili vitu vyako vilikaa hapa kama bibi na bwana wenye wamenuniana. Alarme inalia, taa hazina habari. Siku moja ulikuja na kompyuta, ukakaa chini ku sakafu ya sima toka asubui, ukasema, "Koko, leo nitavipatanisha."

Ulinielezea. Alarme ikilia, itaambia nyumba. Taa zote zitawaka, milango ya nyumba itajifunga na mimi ndani, mulango ya parsele itajifunga pia, na simu yako itapata habari kule uko. Ulikuwa unasema na macho inangaa. Nikakuuliza, "Na majirani watapita wapi?"

"Majirani gani?"

"Wenye watasikia. Huku kwetu mwizi akiingia, unapiga sufuria, jirani anapiga yake, avenue yote, watu wa njia yetu, inatoka na fimbo na michi. Sirene yako ni sufuria kubwa, basi. Watakuja mbio, watakuta umefunga. Nitakufa muzuri, katikati ya taa zako."

"Koko, haifanyikake hivi. Wakati wa alarme mulango inajifunga. Matajiri wa Muhumba, wenye nawafanyia kazi, hata mmoja hajaniomba hiyo."

"Watu wa Muhumba wanajua jina ya jirani yao?"

Ulicheka, lakini ulikataa. Ulikataa mara mbili. Mara ya tatu nilisema nitakata waya zako zote na kisu ya muhogo. Basi uliandika mu mashini vile nilitaka: alarme ikilia, mulango ya parsele ifunguke yenyewe, pande zote mbili, ili watu waingie kuniokoa. Ulikuwa unajua kazi yako, na uliiharibu juu ya kunipendeza. Kama kuko kosa yako mu mambo hii yote, ni ile tu, na ni mimi nilikulea hivyo, kutii muzee hata mahali hajui kitu.

Na siku ile ya kupanga kode ya mulango, zile namba za kufungua, ulisema polepole, unaangalia sakafu, "Pengine Papa naye tumupatie, Koko." Nikakujibu siku hiyo utanitafuta ku makaburi. Ukarudia ku kompyuta.

Sasa siku yenyewe. Ilikuwa siku ya Mungu, goti ilinikatalia kwenda ku misa. Avenue yote ilikuwa kanisani. Niliwasha alarme, nikakaa na rozari kando ya dirisha. Saa ine na nusu simu yangu ililia, kamera ikanionyesha sura ya Bisimwa ndani. Alikuwa ku mulango, ameshika sashe nyeusi ya plastiki.

"Mama, fungua. Ni mimi."

Nilifinya pale uliniambia nifinye kama nataka kusema. Nikasema, "Mama yako hayuko."

Alicheka, mujinga yule. "Mama, njo wewe unasema."

"Ni mashini inasema. Mutoto mwenye ulitupa njo aliitengeneza. Enda ulale kwa wenye walikulewesha."

"Sijalewa, Mama. Nimeleta samaki, sambaza za ziwa. Zitaoza hapa ku jua."

Nilitoa kidole ku simu. Alisimama kidogo, akatoka mu picha. Nilijua anaenda wapi. Ningependa kukuambia sikujua. Nilijua ile jiwe, nilijua hata muguu gani ataweka kwanza. Nilichukua telekomande, nikaweka kidole juu ya haragi, nikangoja.

Sirene ililia. Alikuwa amekaa juu ya ukuta, muguu moja ndani, moja inje, sashe mu meno. Mwanaume wa miaka makumi tano. Alishituka, akaanguka ndani ya parsele. Aliinuka, akanitafuta na macho, akaniona ku dirisha, akafungua mikono: zima basi, Mama. Na mimi sikufinya. Nilisema mu roho, acha ilie kidogo. Apate haya kidogo, avenue yote imuone. Niliwaza kicheko tu, Mugisho. Niliwaza watu watakuja, watamukuta na samaki yake, watacheka, kisha mimi nitatoka polepole na kusema muachilie, ni mutoto wangu mwenye hana akili. Nilisema Salamu Maria moja. Nikasema ya pili. Nilifika ku ya tano.

Misa ilikuwa inatoka. Watu walikuwa mu njia na nguo zao za kanisa. Mulango ya parsele ilikuwa imefunguka yenyewe, pande zote mbili, vile niliomba. Wa kwanza kuingia ni wenye hawamujui, wapangaji wapya wa kule juu na vijana wa pikipiki. Wenye wanamujua waliingia nyuma, na saa ile alikuwa tayari chini, amefunika uso. Mama Neema alikuwa na mwamvuli. Anasema alipiga mara moja tu, ku muguu. Nimemuambia aandike mara mbili, sababu nilikuwa ku dirisha. Mara mbili. Ameandika.

Kisha nilifinya. Sirene ilinyamaza, milango yangu ilifunguka, vyote vilitii palepale. Mashini yako ilisikia kidole ya mwanamuke wa miaka makumi saba na tano. Watu hawakusikia kitu. Nilitoka na goti yangu, nikalala juu yake, na mutu mmoja alinipiga mugongo mbele ajue ni mimi. Walikuwa wanakanyaga sambaza. Nilinusa kinywa ya Bisimwa. Hakukuwa pombe. Hata kidogo.

Ku lopitali dokta alisema jicho ya kushoto imekufa. Ulifika, matope ku suruali mpaka magoti, na neno ya kwanza yako ilikuwa, "Koko, haukufinya?"

Nikasema, "Nilifinya. Ilikataa."

Ilitoka tu, kama mate. Niliona sura yako inaanguka. Ningeweza kuirudisha saa ile ile, ulikuwa karibu hivi, ningeshika hata shati yako. Sikuirudisha. Dokta alikuwa pale, na maman mwenye kufagia, na majirani wawili, na mimi niliogopa macho yao kuliko niliogopa juu yako. Kesho yake ulishusha vyote. Rafiki yako alimuambia Mama Neema kama umefungua ile telekomande, umeifunga, umeifungua tena, hauone kosa, na mwisho uliitupa ku ukuta ukasema mutu mwenye anaharibu papa yake na mikono yake hapaswi kugusa nyumba ya watu. Haungeona kosa, mutoto wangu. Haikuwa mule ndani.

Papa yako iko hapa. Analala mu chumba yako. Siku za kwanza hakusema. Siku alisema, alisema, "Mashini ya mutoto inafanya kazi muzuri. Toka nizaliwe sijaona watu wa Panzi wanakimbia vile, hata wakati nyumba ya jirani iliungua." Akacheka, akashika mbavu, akaomba nisimuchekeshe tena, na mimi sikuwa nimesema kitu. Kila mutu akiingia anamuuliza, "Mugisho amekuja?" Mimi namujibu uko na kazi.

Juzi nilimupelekea uji. Nilikaa ku kitanda. Nilikuwa nimetayarisha maneno mingi, zote zikakimbia. Nikasema tu, "Bisimwa, nilikuwa na telekomande mu mukono."

"Najua, Mama. Nilikuona."

"Uliona kidole?"

"Niliona yote. Saa ile nilikuwa na macho mbili."

Alikunywa uji. Nikamuuliza, basi wiki tatu watu wanatukana kazi ya mutoto wako, mutoto mwenyewe anajitukana, na wewe unanyamaza juu ya nini? Akaangalia ukuta.

"Ningemuambia nini? Mutoto iko na wewe tu. Mimi hanijui. Nimunyanganye hata wewe?"

Nikamuambia umeacha kazi, unaenda Tanzania kuuza misumari. Hapo aliweka kikombe chini. Aliinuka akakaa, na hiyo inamuumiza, anaifanya polepole.

"Hapana. Muambie. Jicho ni yangu, mimi nimeiachilia. Kazi si yangu, na si yako. Muambie kabla aende."

Njo maana naandika. Usiwaze ni roho yangu ilinisukuma. Ni yeye.

Najua vile utasoma hii. Utasimama, utazunguka mu nyumba ya rafiki yako, utamuuliza Mama Neema kama ni kweli, na yeye atalia, juu analia hata ku ubatizo. Utanichukia. Nichukie. Sikuombi msamaha mu karatasi, na mukono ya mutu mwingine. Nataka tu uchukie fasi inafaa. Acha waya, acha mashini, acha mikono yako. Weka yote juu yangu, mimi niko na mugongo mupana na sitakaa hapa miaka mingi.

Nilimufungia Bisimwa mulango akiwa na miaka saba, nikaita ile kufundisha. Nilimufungia akiwa mwanaume, nikaita ile kukuchunga wewe. Watu wa kanisa walinisifu mara zote mbili: mama mukali, mama mwenye msimamo. Hakuna hata mmoja aliniuliza kama nilikuwa nasikia utamu. Ningesema uongo, lakini pengine usiku ningejijibu kweli mwenyewe. Wewe utakuwa na bibi, utakuwa na watoto. Itafika siku mmoja wao atasimama inje, amekosa kweli, na wewe uko ndani, na utasikia ile utamu inaanza hapa mu kifua, kidogo, kama sukari ku ulimi. Usingoje uone itafika wapi. Mimi niliiacha ifike ku Salamu Maria ya tano.

Kwenda, enda. Sikukatazi, na papa yako hakukatazi. Lakini karto yako usimuachie rafiki yako auze. Beba. Kule nako kuko nyumba, kuko wezi, kuko wazee wenye vichwa ngumu. Siku utakuwa unapatanisha alarme na nyumba ya mutu, na koko wa pale akuambie mulango ifunguke ili majirani waingie, muambie hapana. Akisema tena, hapana. Akitisha kukata waya, mupatie kisu mu mukono, akate.

Gari ya Uvira inatoka saa moja. Mama Neema anasema kutoka kwako mpaka huku, na pikipiki, unaweza kufika saa kumi na mbili na bado upate kiti. Sikuambie ufanye hivyo. Nakuambia tu saa.

Na siku utakuja, ikuwe kesho kabla ya gari kutoka ao ikuwe kisha miaka, usinitafute mimi kwanza. Papa yako atakuwa mu kiti, ku baraza. Usimusalimie ukiwa umesimama mbali, usianze na mambo ya alarme. Zunguka, ukae ku mukono yake ya kuume. Ukikaa ku kushoto hatakuona, na atapata haya kuuliza ni nani.